Kabati la Rangi ya Magala

Katika Minjila yote hapakuwa na mtu aliyejua rangi kumshinda fundi Ziro, na kama ungetilia shaka, angekueleza mwenyewe. Alikuwa amefanya kazi Malindi miaka sita, akipaka vitanda na meza za hoteli, na alirudi nyumbani na vitu vitatu: brashi ya manyoya ya kweli ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, kikohozi cha vumbi la msasa, na majivuno. Mteja akifika karakanani, Ziro hakumuuliza anataka nini. Alimtazama kidogo, kisha akamwambia. Wewe vanishi. Wewe rangi ya mafuta, tena nyeupe, maana una watoto na nyeupe inafutika. Watu walikubali, kwani nani atabishana na mtu aliyepaka rangi kitanda cha Mjerumani?

Kisha, mwezi wa nane mwaka wa tisini na nane, matope ya El Nino yakiwa yamekauka na barabara ya Malindi imeanza kupitika tena, akaja mzee Kotile.

Kotile alikuwa Mworma, mfugaji, mrefu, mkavu, fimbo yake ameilaza mabegani na mikono miwili imening'inia juu yake. Binti yake wa mwisho, Sabdio, alikuwa anaolewa na kijana wa Ndera, na mzee alitaka Ziro amtengenezee kabati la nguo.

"Mbao gani, mzee?" akauliza Ziro, kwa adabu, maana ilikuwa harusi.

"Mbao yoyote."

"Nina ya mwembe, imekauka vizuri. Milango miwili?"

"Miwili sawa."

"Na kioo?"

"Kioo ya nini? Yeye anajua uso yake."

Ziro akaandika kwenye kipande cha karatasi, akifurahi moyoni kwamba amepata mteja asiye na makuu. Akamtazama Kotile, akaona vanishi. Lakini kabla hajafungua mdomo, mzee akasema, "Rangi, weka Magala."

"Magala ndiyo rangi gani?"

"Rangi ya ng'ombe."

"Ng'ombe wana rangi nyingi, mzee wangu."

Kotile akamtazama kwa namna ya mtu aliyesikia neno la maana kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Ndiyo," akasema. "Mimi nataka hiyo moja."

Hapo ndipo shida ilipoanza. Ziro alikuwa Mgiriama, mtoto wa wakulima wa Tarasaa, na kwa maisha yake yote ng'ombe wa Waorma aliwajua kwa rangi nne: weupe, weusi, wekundu, na wale waliokula mahindi ya baba yake. Aliuliza kidogo, akaambiwa Magala si mwekundu wala si mweusi, yuko katikati. Basi hiyo ni kahawia, akasema moyoni. Akachanganya rangi ya mafuta nyekundu na nyeusi, akapaka ubao mmoja kwa brashi yake ya manyoya, ukang'aa mpaka nzi wakateleza. Siku ya pili Kotile akaja, akachuchumaa mbele ya ubao, akaukagua muda wa kutosha kuchemsha chai.

"Huyu amevaa shati," akasema.

"Amevaa nini?"

"Shati. Wewe umefunika yeye. Nywele iko wapi?"

Ziro alitaka kukasirika, lakini ufundi wake ulimkataza, kwa sababu mzee alikuwa amesema kweli bila kujua. Ziko njia tatu za kumalizia kabati. Ya kwanza ni kuifunika mbao kwa rangi ya mafuta, isionekane tena, na hiyo ndiyo njia ya kila mwenye mbao mbaya na haraka nzuri. Ya pili ni kuinywesha steni, rangi nyepesi inayozama ndani na kuacha mistari ya mbao ijitokeze. Ya tatu ni ya watu wenye subira: juu ya steni unapaka rangi nyingine nzito, halafu kabla haijashika unaifuta kwa kitambaa, ibaki kwenye vinyweleo vya mbao na kwenye kona tu, mithili ya kivuli. Malindi waliiita glezi. Tangu arudi Minjila hakuna aliyewahi kumwomba glezi, na kwa siri jambo hilo lilikuwa limemuuma.

Kwa hiyo akakata vibao vinane. Kila kibao akakinywesha steni yake na kukifuta glezi yake, akavipanga vimeegemea ukuta wa karakana, juani. Mbao ya mwembe ina tabia zake, hunywa rangi hapa na kugoma pale, na hakuna kibao kilichofanana na kingine. Ziro akasimama mbele yake akijisifu kimoyomoyo. Kizuri chajiuza, akajiambia.

Kosa lake ni kwamba ilikuwa siku ya mnada Garsen. Wafugaji waliokuwa wakipita na mifugo waliona vile vibao, wakasimama. Kotile alipofika alikuta wazee saba wamechuchumaa, fimbo zimechomekwa mchangani, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda mnadani tena. Waliviendea kwa zamu. Kibao cha kwanza walikipita bila neno. Wa pili, wakasema, huyu analamba udongo. Wa tatu ni mzuri kwa macho.

"Mnamwonaje wa tatu?" akauliza Ziro kwa matumaini.

"Mzuri. Lakini maziwa hapana," akasema mzee mmoja.

"Ni kibao, mzee."

"Ndiyo, kibao. Lakini rangi hii, maziwa hapana."

Wa nne alikuwa mama mbaya, anayekataa ndama wake. Wa sita alisifiwa sana, mpaka ikakumbukwa kwamba ng'ombe wa rangi ile aliwahi kuzaa ndama mwenye vichwa viwili huko Wayu, na kila mtu akasogea nyuma hatua moja. Ziro alikuwa ameanza kujisikia mgeni katika karakana yake mwenyewe. Ndipo mtu mmoja mnene, jina lake Abdinur, jirani wa Kotile na mzee wa kesi nyingi, akasimama na kukinyooshea fimbo kibao cha tano.

"Huyu ni wangu," akasema.

"Wako vipi?" akauliza Ziro. "Nimekitengeneza jana."

"Huyu ni ng'ombe yangu. Kila mtu hapa anajua yeye."

Wazee wakakitazama kibao cha tano, wakatazamana, wakakubali kwa vichwa. Ndiye hasa. Hata alama nyepesi ya shavuni alikuwa nayo. Abdinur akawa mkali: kabati lile likienda Ndera na rangi ile, kila mwenye macho atasema Kotile amemtoa binti yake kwa ng'ombe wa Abdinur, na yeye Abdinur hakuulizwa. Kotile naye akajibu kwamba hamtaki ng'ombe wa Abdinur hata akipewa amechinjwa. Maneno yakapanda. Mwishowe ilimbidi Ziro achukue msasa na kukisugua kile kibao mbele ya mashahidi, na Abdinur hakurudi nyuma mpaka alipoona rangi ya ng'ombe wake imekuwa vumbi chini.

Hapo uvumilivu wa Ziro ukakatika. Akautupa msasa mezani.

"Wazee, nawaheshimu," akasema. "Lakini mimi sijamwona huyu Magala, na ninyi mnamwona kila mahali. Mleteni hapa. Mfungeni kwenye nguzo hii, nimwone kwa macho yangu, niwatengenezee rangi yake kesho."

Yule mzee wa "maziwa hapana" akaanza kuangalia ndala zake. Abdinur, aliyekuwa akifoka punde tu, akavua kofia yake na kuishika mkononi, na ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini.

"Magala alikufa, fundi. Homa ile ya baada ya mafuriko."

Wakaondoka mmoja mmoja kuelekea mnadani. Kotile akabaki. Alikaa juu ya gogo ambalo Ziro hupigia randa, na kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akaeleza lile ambalo hakulieleza tangu mwanzo, kwa vile hakudhani kuna mtu asiyelijua. Sabdio alipozaliwa, siku kitovu chake kilipokatika, baba yake alimwonyesha ndama mmoja jike zizini na kusema, huyu wako. Tangu siku ile yule ndama hakuwa wa Kotile tena. Alikua, akazaa, na binti zake wakazaa, wote wa rangi ile moja, wote wakiitwa Magala. Walikuwa wamefika tisa. Mto ulipofurika na homa kufuata, wote tisa walikwisha kwa mwezi mmoja, na watu wa idara ya mifugo wakaja wakakataza hata ngozi kuchunwa.

"Msichana anaenda kwa mume, ng'ombe yake mbele," akasema Kotile. "Sabdio ataenda na nini?"

"Lakini umebaki na wengine, mzee. Si umpe mmoja?"

"Watatu wamebaki. Nitampa mmoja, ndiyo. Lakini hiyo ni ng'ombe ya baba. Yake ni yake." Akasugua goti. "Mimi siwezi kufufua. Nataka tu siku hiyo watu ya Ndera watazame, wajue yeye hakuwa mtoto bila ng'ombe."

Ziro aliona haya. Aliona haya ya vibao vinane, na ya Mjerumani, na ya kumtazama mtu usoni akaona vanishi. Akamwambia arudi Jumatatu.

Mke wake Kabibi, aliyeolewa na fundi yule akijua fika anaolewa na majivuno yake pia, alimsikiliza mpaka mwisho akipepeta mchele.

"Kitanda cha Mjerumani umeweza," akasema. "Ng'ombe aliyekufa amekushinda."

"Nitaiona wapi rangi ambayo haipo?"

"Wewe unamuuliza rangi tu. Ungepotelewa na mtu ukaulizwa alikuwa wa rangi gani, ungesema nini? Muulize alikuwaje."

Ziro akaguna, kama wanavyoguna waume wanaojua wameshindwa. Jumatatu kabati lilikuwa limesimama katikati ya karakana, limepigwa msasa mara nne, bado jeupe halina rangi. Kotile akaletewa kiti. Ziro akafungua kopo la steni, akachovya brashi, akasema, "Mzee, usiniambie rangi. Niambie habari zake."

Kotile akashangaa, kisha akaanza. Alisema Magala wa mwisho alikuwa mwizi wa chumvi. Alisema alikuwa hapendi daraja, na mvua ikinyesha alisimama peke yake mbali na wenzake, akiwapa mgongo. Alisema Sabdio akimkama alilaza kichwa ubavuni mwake na kusinzia, na ng'ombe hakusogea mpaka mtoto aamke. Ziro alinywesha steni nyekundu pole pole huku akisikiliza, na mbao ya mwembe ikanywa pale ilipotaka. Alipoanza glezi nyeusi, mzee akasogeza kiti.

"Mgongo usiweke sana," akasema. "Mgongo inawaka, jua inakaa hapo."

Ziro akafuta juu mpaka wekundu ukarudi.

"Tumbo inaenda giza. Chini, chini zaidi. Hapo. Shingo pia. Hapana, umezidi, hiyo ni ya mama yake."

Wakafanya hivyo asubuhi yote na mchana wote, kitambaa kikipaka na kufuta, mmoja akisimulia na mwingine akisikia kwa vidole. Mara tatu Ziro alifuta kila kitu kwa spiriti na kuanza upya, na safari hii hakulalamika, jambo ambalo Kabibi alikuja mlangoni kulishuhudia. Alasiri alipofuta ubavu wa kulia kwa mkono mmoja mrefu kutoka juu hadi chini, akasubiri kusahihishwa, hakusikia neno. Akageuka. Kotile alikuwa amesimama, na mdomoni mwake ilikuwa inatoka ile sauti ndogo ya ulimi ambayo wafugaji humwitia ng'ombe aje kunywa maji. Aliitoa mara mbili, kisha akatambua, akaacha.

Ziro akaweka kitambaa chini. Hakuwahi kusifiwa hivyo Malindi.

Siku ya harusi alipanda mwenyewe kwenye pikapu kulisindikiza kabati mpaka Ndera, amelifunga mablanketi matatu, na kila penye shimo alimgongea dereva bati la juu na kumkumbusha kwamba juu ya ile rangi kuna tabaka saba za shelaki, vanishi ya kung'arisha, hazitaki mkwaruzo hata mmoja. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Nyuma yao alikuja Kotile na watu wake, na yule ng'ombe mmoja wa baba, mweupe, mkondefu, ambaye hakuna aliyemtaja.

Kabati likashushwa mbele ya boma la Abdullahi, baba wa bwana harusi, mtu mfupi mwenye ndevu za hina na macho madogo. Wazee wa Ndera wakasimama. Ziro akalifungua blanketi la mwisho. Kotile alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Yote aliyokuwa akiyataka yalikuwa pale, na hayakuwa tena mikononi mwake wala mikononi mwa fundi.

Mwenye macho haambiwi tazama. Abdullahi alilizunguka kabati mara moja, akalizunguka tena. Akainama kuangalia miguu. Akarudi nyuma, akafumba jicho moja.

"Magala," akasema.

Wazee wake wakaitikia. Ni Magala, tena wa damu ya zamani, si hawa wa siku hizi. Kotile akashusha pumzi ambayo, kwa maoni ya Ziro, alikuwa ameishikilia tangu mafuriko. Ziro naye alikuwa anajiandaa kupokea sifa zake kwa unyenyekevu aliposikia Abdullahi akiagiza kitu kwa Kiorma, na kijana akatoka mbio kuelekea jikoni. Alirudi na chuma kirefu, ncha yake nyekundu kwa moto.

"Cha nini hicho?" akauliza Ziro.

"Chapa," akasema Abdullahi. "Ng'ombe hailali kwangu bila chapa yangu."

Ziro akaruka akasimama mbele ya kabati, mikono ameitanua. "Mzee, hii ni shelaki. Inashika moto."

"Ng'ombe pia hapendi. Tunashika miguu."

Ziro akamtazama Kotile amsaidie, lakini uso wa Kotile ulikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuiona, na akaelewa kwamba chapa ile ndiyo ilikuwa inangojewa kuliko harusi yenyewe. Mnyama asiyetakiwa hapigwi chapa. Basi akaokoa kinachookolewa. "Kwenu mnapiga wapi?" akauliza.

"Paja ya kushoto, nyuma."

Hapo palizuka mjadala wa haki, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika nyuma ya kabati ni wapi, na wazee wawili walikuwa wanauelekea mlango. Ziro akatetea kama wakili. Milango, alisema, ni kifua, maana ndiyo inayokutazama ukiingia. Kwa hiyo paja la nyuma la kushoto ni huku, upande utakaokaa ukutani, chini kabisa. Hoja ikapita. Chuma kikagusa mbao, moshi mzito ukapanda, shelaki ikashika moto mdogo wa samawati, na Ziro akavua shati lake la kanisani akauzima nalo. Alama ilibaki, nyeusi, safi. Ziro aliinama akaikagua, akalazimika kukiri kwamba imekaa vizuri.

Abdullahi akampa kijana chuma. Hakuwa amemaliza. Alikuwa akimtazama Kotile, na yule ng'ombe mweupe mkondefu, kisha akamgeukia mtu aliyesimama kifua wazi na shati lililoungua mkononi.

"Fundi," akasema. "Wewe ndiye ulileta yeye duniani. Alikuwa na mimba?"

Ziro alikuwa mzee wa kanisa. Hakuwahi kumdanganya mteja, isipokuwa kuhusu siku ya kumaliza kazi, na hiyo mafundi wote wamesamehewa. Akafungua mlango mmoja, akachungulia ndani. Kulikuwa na rafu nne tupu, zinanuka steni. Akaufunga mlango taratibu.

"Miezi tisa imetimia, mzee," akasema.

Abdullahi akaitikia kwa kichwa, akaita kijana zizini. Akaletwa ndama jike aliyezaliwa Alhamisi, anayumba kwa miguu mirefu, mweupe mwili mzima, na madoa meusi usoni na masikioni. "Mpelekeni kwa Sabdio," akasema Abdullahi. "Mwambieni ng'ombe yake amezaa."

Ziro, ambaye kwa wiki tatu alikuwa amesugua, amefuta na amegombana juu ya tofauti ambazo mtu wa kawaida hazioni, alimtazama yule ndama mwenye madoa, akalitazama kabati, akafunga mdomo wake kwa nguvu. Kotile alimsogelea ndama, akapiga magoti, akamshika masikio. Alikuwa analia waziwazi mbele ya wakwe zake wote.

"Kweli," akasema. "Amefanana na mama yake."

Na wazee wa Ndera, watu wanaoweza kujua ng'ombe wa jirani katika kibao cha mwembe, wakalitazama kabati, wakamtazama ndama, wakasema ndiye, hawana shaka.